Ubaguzi Hatukuutoa Chuoni

Hapa Katesh, wilayani Hanang mkoani Manyara, nimeyasikia maneno haya kilabuni, kanisani, hata kwenye kiti cha kinyozi: Watanzania hatuna ubaguzi, kijana akianza kuuona ujue ameutoa chuoni. Nayapinga kwa nguvu zangu zote. Mimi niliondoka hapa nikiwa mbaguzi nisiyejijua, na aliyenifumbua macho ni mwalimu wa chuo.

Nilipomaliza sekondari ningekutajia Sharpeville 1960 na Soweto 1976 bila kusita. Ubaguzi ulikuwa wa makaburu wa Afrika Kusini, basi. Lakini siku ya mnada, akipita mama wa Kibarbaig na bangili zake za shaba na vazi lake la ngozi, sisi watoto wa Kimbulu tulikuwa tukiziba pua na kucheka: "Mang'ati hao!" Hakuna mtu mzima aliyetukemea. Mang'ati ni neno la Kimasai, maana yake adui. Adui mwenyewe tulichota naye maji kisima kimoja.

Mwaka wa pili chuoni, kwenye somo la sheria ya ardhi, tuligawiwa nakala ya hukumu. Nilisoma kichwa chake mara mbili: NAFCO dhidi ya Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw. Mulbadaw hii hii ya Hanang! Mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada yalimeza ekari zipatazo 100,000, malisho bora ya Wabarbaig, na trekta zikapita hadi juu ya makaburi ya wazee wao. Mwaka 1981 kijiji na wanakijiji 67 walifungua kesi. Mahakama Kuu iliwapa haki. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na mojawapo ya sababu ni kwamba hawakuthibitisha kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria. Neno hilo aliliacha Mwingereza, aliyegawa haki za ardhi kwa kuangalia asili ya mtu. Zaidi ya miaka 20 baada ya Uhuru, watu wa Hanang walipoteza kesi kwa neno hilo.

Mwalimu akauliza nani anatoka Manyara. Nikanyoosha mkono. "Majirani zenu hawa mnawaitaje?" Nilishindwa kujibu. Darasa zima lilikuwa likinisubiri, na neno pekee nililokuwa nalo ni lile la mnadani.

Likizo ile nilimwambia baba, "Baba, wenyewe wanajiita Wabarbaig." Akanijibu, "Mwanangu, chuo kimekufundisha ukabila." Nampenda baba, ila alikosea. Mimi sikuleta neno jipya nyumbani, nilikataa la zamani.

Wazee watanikumbusha ng'ombe walioibwa na watu waliouawa kwa mikuki. Ni kweli, damu ilimwagika. Lakini binti wa Kibarbaig anayeingia kidato cha kwanza leo hakumwaga hata tone, naye anaitwa adui tangu siku ya kwanza. Anayesema hakuna ubaguzi hajawahi kuzibiwa pua. Amuulize huyo binti kwanza.

Walimu wa sekondari wa Hanang, nawaomba: mkifundisha Soweto, fundisheni na Mulbadaw. Msisubiri watoto wetu waisikie ukubwani, mbali na nyumbani, kama mimi. Na wewe msomaji, Jumamosi hii ukikutana na majirani zetu hawa sokoni, waite jina lao: Wabarbaig.