Anayeuza Mechi na Anayeinunua

Februari 2020, FIFA iliwafungia wachezaji wanne wa Kakamega Homeboyz kwa njama za kupanga matokeo ya mechi za Ligi Kuu ya Kenya. Watatu walipewa miaka minne; wa nne alifungiwa maisha. Miezi saba kabla ya hapo, George Owino, aliyewahi kuwa beki wa Harambee Stars, alifungiwa miaka 10 kwa kushirikiana na Wilson Raj Perumal, mpangaji mechi kutoka Singapore. Kila mara wimbo wetu ni ule ule: vijana wana tamaa, hawana uzalendo.

Tamaa ipo, nami sitetei uhalifu. Lakini haki inayoishia kwa muuzaji, ikamwacha mnunuzi na soko lenyewe, ni nusu ya haki. Jela aliyotiwa Perumal mwaka 2011 ilikuwa Finland, si Kenya.

Tulitazame soko hilo. Leo kamari huchezwa juu ya kona, kadi ya manjano na idadi ya mabao. Mnunuzi hahitaji timu nzima. Beki mmoja anamtosha. Mechi yenye mashabiki wa kuhesabika huweza kuwekewa dau na mtu aliye bara jingine, simu mkononi.

Na beki huyo analipwa na nani? Agosti 2019, baada ya kunyimwa leseni, SportPesa ilisitisha udhamini wake kwa ligi, Gor Mahia na AFC Leopards. Mwaka ule ule SoNy Sugar ilitimuliwa ligini kwa kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba tulikuwa tumeijenga nyumba ya kandanda juu ya kamari. Waliowahi walisema mkono mtupu haulambwi. Mchezaji anayedai mshahara wa miezi kadhaa, akiwa na kodi ya nyumba na karo ya watoto, tunamtaka ayakatae maelfu kwa nguvu ya wimbo wa taifa pekee.

Serikali nayo si mtazamaji. Sheria ya Fedha ya 2023 iliupandisha ushuru wa dau kutoka asilimia 7.5 hadi 12.5, nasi tukaambiwa ni kinga kwa vijana. Kinga gani hiyo inayoinufaisha Hazina kila kijana anapocheza? Anayevuna shambani haombi ukame. Serikali ni mbia wa biashara hii.

Basi mbia na awajibike. Sehemu ya ushuru huo itengwe kuwa dhamana ya mishahara ya wachezaji. Klabu isiyolipa isipewe leseni. Kamari juu ya kadi na kona katika ligi zetu ipigwe marufuku. Wachunguzi nao wazifuate fedha mpaka mfukoni mwa mnunuzi.

Bila hayo, tutaendelea kuwafungia mabeki, na mnunuzi ataendelea kupata wengine, kwa maana njaa haijafungiwa.