SIKU MOJA NA MWANAFUNZI MWENYEJI



Ndugu zetu wanafunzi, kila mwaka wanaokaribia kumaliza hutujia na swali lile lile: "Ustadhi, nikijaaliwa kupata nafasi ya kusoma nje, nijiandae vipi?" Mnategemea tuwaeleze habari za pasi, vyeti na nauli. Hayo ofisi itawaelekeza. Sisi tuna jambo jingine, na tunalisema kwa sababu lilitupata wenyewe.

Mwaka 2023 Mwenyezi Mungu alitujaalia kufika Misri kwa kozi fupi ya walimu wa lugha ya Kiarabu. Wiki nzima ya kwanza tuliishi Cairo kama watu ambao hawajaondoka kwao. Tulikaa na Watanzania wenzetu, tukasonga ugali, tukazungumza Kiswahili, na jioni tukatoka kundi zima kwenda soko la Khan el-Khalili kupiga picha. Lau tungerudi siku ile, tungewahadithia mengi, na yote yangekuwa ya mtu aliyechungulia dirishani.

Siku ya nane, baada ya sala katika msikiti wa Al-Azhar, kijana aliyekaa ubavuni mwetu alituuliza tumetoka wapi. Yeye ni mwanafunzi wa Sharia, kwao ni Asyut, kusini mwa nchi. Tulipomjibu akasema, "Basi leo wewe ni mgeni wangu." Tulidhani ni maneno ya adabu tu. Kumbe amekusudia.

Alianza kwa kutupeleka kwenye mkokoteni wa kuuza ful, yaani maharage yao ya asubuhi. Tukataka kumwonyesha kwamba nasi tumesoma. Tukaagiza "khubz" na "maa" kwa lafudhi safi ya kitabuni. Muuzaji akamtazama mwenyeji wetu, mwenyeji wetu akaangua kicheko. Akatueleza kwamba pale mkate huitwa "eish" na maji ni "mayya", na kwamba sisi tunazungumza kama msomaji wa taarifa ya habari! Ajrumiyya tumeisoma na tumeisomesha. Tunajua kwa nini neno hili lina dhumma na lile lina fat-ha. Lakini kuomba mkate kumetushinda. (Asichukue mtu maneno haya akasema nahau iachwe; huyo tutakutana naye darasani.)

Aibu ile ilitufaa. Tangu hapo tukawa tunauliza jina la kila kitu, kama mtoto.

Tuliporudi msikitini mambo yakageuka. Alifungua kitabu chake cha fiqhi akakwama kwenye sentensi moja ndefu, nasi tukamfungulia irabu yake. Alifurahi mno, nasi zaidi yake. Hapo ndipo aliposimulia habari za pale: msikiti ulianza kujengwa mwaka 970, zama za Fatimiyya, na kwa karne nyingi wanafunzi wageni walikaa katika riwaqi zao kwa kufuata walikotoka. Watu wa Maghrib walikuwa na yao, wa Sham na yao, hata Jabart wa Pembe ya Afrika. Kumbe desturi ya mgeni kujibanza kwa wa kwao si ya leo.

Alasiri tukapanda mikrobasi, ambayo ni daladala yao, mpaka kwenye kaburi la Imamu Shafi. Yeye mwenyewe ni Maliki, lakini aliona si haki Mshafi wa pwani ya Afrika Mashariki afike Cairo asizuru. Njiani alitutania: "Imamu wenu alikuwa mwanafunzi wa imamu wetu." Ni kweli, alisoma kwa Imamu Malik huko Madina. Alizaliwa Ghaza mwaka 150 Hijria, akafariki Misri mwaka 204, na kuba lililo juu ya kaburi lake lilijengwa mwaka 608. Kileleni pana mashua ndogo. Wanaosoma Safinatun Najaa watajua kwa nini tulitabasamu tulipoiona.

Kutwa nzima alikataa tusilipe hata juisi ya miwa. Usiku tuliagana, akasema anapitia kwa rafiki. Siku ya pili mwenzake ndiye aliyetuambia kwamba alirudi kwa miguu hadi anakoishi, kwa kuwa nauli iliyobaki ilikuwa ya kwendea chuoni. Tulikosa la kusema. Katika kozi yote ile, hakuna somo tulilolikumbuka kuliko siku hiyo.

Sasa tuje kwetu. Mnatuuliza mtaishi vipi ugenini, na hali wageni mnao hapa hapa. Wapo wenzenu waliotoka Komoro na Msumbiji. Alhamisi jioni nyinyi wa mjini mnarudi kwa mama zenu, bweni linabaki kimya, nao wanapika chai yao wenyewe. Darasani mnakaa nao mkeka mmoja, mnaazimana kalamu, kisha njia zinaachana getini. Mkiulizwa, mnasema nyumbani hakuna kitu cha kumwandalia mgeni. Yule wa Asyut alikuwa na nini?

Juzi tulimwuliza mmoja wao ameshaingia nyumba ngapi za mji huu. Alifikiri kidogo, akasema, "Moja, Ustadhi. Siku tulipoitwa kusoma hitima."

Huu ni mwaka wake wa tatu hapa.