Geita bado inadai jibu la 2016, daftari liko wapi?

UKITAKA kuwasha moto kijiweni pale Geita mjini, taja 8-0 tu. Ndiyo mabao ambayo Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa siku ya mwisho ya Ligi Daraja la Kwanza, msimu wa 2015/16. Siku hiyohiyo Polisi Tabora, iliyokuwa ikigombea nayo tiketi moja ya Kundi C, ikaichapa JKT Oljoro 7-0.

TFF ikasema huo siyo mpira. Timu zote nne zikashushwa daraja kwa kupanga matokeo, na Mbao FC ya Mwanza, iliyokuwa nyuma ya vinara hao wawili, ikapandishwa Ligi Kuu. Mbao haikwenda kutalii. Mwaka 2017 ilifika fainali ya Kombe la FA na kuisumbua Simba kwelikweli kabla ya kulala 2-1.

Adhabu ilitoka, ila swali limebaki palepale. Mechi za siku ile zingepigwa kihalali, nani angepanda?

Wamarekani wana njia ya kulichezea swali kama hilo. Kwenye besiboli, mashabiki hurudia msimu mzima wa zamani mezani. Mwaka 1961, Hal Richman aliingiza sokoni mchezo unaoitwa Strat-O-Matic. Kila mchezaji ana kadi yake, iliyotengenezwa kwa takwimu zake halisi za msimu ule. Dadu linarushwa, kadi inasomwa, mechi inaendelea. Aliyekuwa wa moto anabaki hatari, lakini bahati nayo ina nafasi yake, hivyo timu iliyokosa ubingwa inaweza kuubeba. Siku hizi kompyuta inarudia msimu mara 100 kabla chai haijapoa.

Wanaweza kwa sababu waliandika. Tangu karne ya 19, mwandishi wa habari Henry Chadwick aliwazoesha kuweka kila mechi kwenye jedwali: nani alipiga, nani alikosa, nani alirusha.

Mpira wa miguu nao unarudiwa vilevile. Chukua msimu wa 2021/22, Geita Gold ilipomaliza ya nne Ligi Kuu na George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Timu 16, mechi 240, na wafungaji wanajulikana. Kijana mwenye simu na uvumilivu anaweza kutengeneza kadi ya Mpole leo na kuona kama angemzidi tena Fiston Mayele wa Yanga.

Sasa aende Kundi C la 2015/16. Timu nane, mechi 56. Atafute kikosi cha kila mechi, dakika ya kila bao, nani alitoka na nani aliingia. Atahangaika sana, maana kilichobaki midomoni mwa watu ni namba mbili tu: 8-0 na 7-0. Kuna vijana waliotoka jasho kihalali miezi kadhaa kabla ya siku ile. Kazi yao yote imefunikwa na dakika 90 za aibu.

Cha ajabu, ukanda huu unajua kuhesabu. Kwenye duara la wachimbaji wadogo, kila mfuko wa mawe ukipanda juu unahesabiwa kabla ya mgao. Hakuna anayekubali kuambiwa 'nakumbuka ilikuwa mingi'. Lakini bao likifungwa Kambarage, Mwadui au Nyankumbu kwenye ligi ya chini, linaachiwa kumbukumbu ya mtu.

Wapo watakaosema dadu ni kamari na msimu uliopita umepita. Hapa hakuna anayeweka hela. Na dadu halitafuta adhabu ya 2016 wala kuipa Geita pointi. Litakachoonyesha ni nguvu ya kila timu kabla ya siku ile, na jinsi 8-0 ilivyo mbali na mpira waliokuwa wakiucheza. Mpangaji wa matokeo anapenda ligi isiyoandikwa, kwa sababu pasipo takwimu hakuna anayeweza kusema 'hii haijakaa sawa' mpaka mambo yawe wazi kama siku ile.

Stand United na Mwadui ziliwahi kuwa Ligi Kuu msimu mmoja, Shinyanga ikitamba na timu mbili. Zote zikashuka, kisha Geita Gold nayo ikashuka 2024. Huko chini kamera ni chache, na ndiko daftari linahitajika zaidi.

Dawa yake haina gharama kubwa. Vikosi na mabao tayari vinaandikwa kwenye fomu na ripoti za waamuzi na makamisaa. TFF na vyama vya mikoa vizitoe hadharani kila wiki, kuanzia Championship kushuka chini, na za 2015/16 zitafutwe kwenye makabati. Zikipatikana, vijana wa Geita watajua wenyewe cha kufanya na dadu.