Simu Isiyofunguka ni Mali ya Nani?

Kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukisikia kauli moja ikirudiwa madukani, barazani na hata majumbani mwetu, kwamba kifaa kikiharibika ni afadhali kununua kipya kuliko kukitengeneza. Wenye kuisema tusiwalaumu sana, kwani mara nyingi fundi anapoipokea simu huigeuzageuza, akautazama mgongo wake uliogandishwa kwa gundi, kisha akataja ujira unaokaribia bei ya simu nyingine iliyotumika. Mwenye simu huondoka akinung'unika kwamba mafundi wa siku hizi ni ghali. Sisi tunadhani lawama hiyo imeelekezwa pasipo pake. La kuuliza ni nani aliyeifanya kazi ya fundi kuwa ngumu kiasi hicho, na kwa maslahi ya nani.

Wasomaji wetu walio wengi wanaikumbuka Nokia 1100, ile simu ya tochi iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Kifuniko chake cha nyuma kiliondolewa kwa kidole gumba. Betri ikichoka, ulinunua nyingine kwa muuza vipuri na kuitia mwenyewe huku umesimama. Katika simu nyingi za leo betri imebandikwa ndani, na ili kuifikia fundi hana budi alainishe gundi kwa joto bila ya kupasua kioo. Mwaka 2011 kampuni ya Apple ilianza kutia katika iPhone skrubu zenye kichwa cha pembe tano, ambazo bisibisi ya nyota iliyomo mkobani mwa kila fundi haikuweza kuzifungua. Hilo bado ni dogo. Zipo simu ambazo programu yake huikagua namba ya kila kipuri, hata fundi akihamisha kioo kizima cha asili kutoka simu moja hadi nyingine ya aina ile ile, simu hutoa onyo au hukataa baadhi ya kazi.

Watengenezaji wanayo hoja, nasi hatuikatai: gundi huzuia maji, na simu nyembamba hupendeza mkononi. Lakini historia haituruhusu kuamini kwamba sababu ni hizo tu. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya taa za umeme, yakiwemo Osram na Philips, yalikutana mjini Geneva na kufunga mapatano yaliyoitwa Phoebus. Balbu za wakati ule ziliweza kuwaka saa 1,500 hata 2,000. Wao wakakubaliana zisizidi saa 1,000, na kiwanda ambacho balbu zake zilidumu kupita kiwango kilitozwa faini. Naam, faini kwa kutengeneza kitu kinachodumu! Mapatano hayo yalisambaratika vita vya mwaka 1939 vilipoanza, lakini fikra yake haikufa. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone ambazo betri zake zimechoka, ili zisizimike ghafla. Wenye simu hawakuambiwa waziwazi. Wengi walidhani simu imezeeka, wakanunua nyingine, ilhali dawa ilikuwa betri mpya tu.

Aliyesoma mlango wa biashara katika vitabu vya fiqhi anaijua hukumu ya bidhaa yenye aibu: muuzaji akificha kasoro, mnunuzi ana hiari ya kurudisha bidhaa na kudai fedha zake. Mafaqihi walizungumzia ngamia, watumwa na nguo. Hatuoni kwa nini kasoro iliyofichwa ndani ya programu ihesabiwe kuwa nyepesi zaidi.

Na tuliowahi kusoma habari za mafundi wa kale katika lugha ya Kiarabu hatuwezi kuacha kumtaja al-Jazari. Huyu alikuwa mhandisi katika kasri la Waartuqi huko Diyarbakir, na mwaka 1206 alikamilisha kitabu chenye kueleza mitambo 50: saa za maji, mashine za kuteka maji, vyombo vya kujiendesha. Alichora kila sehemu, akataja vipimo na namna ya kuunganisha, kwa kusudi kwamba fundi mwingine aweze kuijenga. Mwaka 1976 saa yake mojawapo ilijengwa upya mjini London kwa kufuata maelezo hayo. Leo fundi wa Kariakoo anayetaka mchoro wa saketi ya simu aliyonayo mezani huutafuta kwa kuvizia, kama mtu anayetafuta magendo.

Kifaa kilichoshindikana kutengenezwa hakitoweki. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Zilizobaki huishia majalalani, na vijana huchoma nyaya ili wapate shaba huku moshi wa plastiki ukiingia vifuani mwao. Anayedhani madhara haya ni ya mbali na aulize yaliyotokea mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilisababisha madini ya risasi kuingia katika damu za watoto. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi haikutulia mpaka Mahakama ya Juu iliporejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa!

Wenzetu wa Ulaya wamekwisha kulifanya jambo hili kuwa la sheria. Januari 2021 Ufaransa ilianza kuwalazimisha wauzaji kuonyesha alama, kati ya 0 na 10, ya wepesi wa kutengenezeka kwa simu na kompyuta. Tangu Juni 2025 simu mpya zinazoingizwa katika soko la Umoja wa Ulaya ni lazima vipuri vyake muhimu vipatikane kwa miaka 7 baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa. Sisi je? Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania ilizima simu bandia, nazo zikazimika kweli. Basi uwezo upo. Dola iliyoweza kuizima simu mikononi mwa mnyonge haiwezi kusema imeshindwa kumwambia mwagizaji mkubwa: leta na vipuri. Na kama nchi moja ni ndogo mbele ya makampuni hayo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi 8. Wabunge wetu wanapokuja kuomba kura huulizwa barabara na maji, na ni haki waulizwe. Na waulizwe na hili.

Tusiwasahau mafundi wenyewe. Wapo wanaochomoa kipuri kizima cha mteja wakaweka kibovu, na hao ndio waliowatia watu hofu. Fundi mwaminifu hutengeneza mbele ya mwenye mali, kisha humkabidhi kipuri kilichotolewa.

Wazazi nao wapunguze ukali. Mtoto aliyeifungua redio mbovu akashindwa kuifunga amejifunza zaidi ya aliyekatazwa kuigusa, mradi haikuunganishwa na umeme. Mwaka 2009 mama mmoja wa Kiholanzi, Martine Postma, alianzisha mjini Amsterdam siku ya watu kukutana na kutengeneza vitu vyao bila malipo, na mtindo huo umeenea nchi nyingi. Mabaraza ya misikiti yetu yana nafasi, na katika kila jamaa hakosekani fundi redio, fundi cherehani na kijana mwenye bisibisi. Jumamosi moja kwa mwezi, baada ya Adhuhuri, meza mbili zinatosha. Pasi, feni, taa za sola na simu viletwe. Betri iliyovimba isitobolewe wala isichajiwe, iwekwe kwenye mchanga mkavu, mbali na watoto, mpaka fundi aione.