Pikipiki ya theluji? Muulize anayekaa nyuma!

Najua wengine mnasoma hapa mkiwa mmebanwa ndani ya daladala la Mbagala, jasho linatiririka hadi kwenye soksi. Mwenzenu huku Sherbrooke, jimbo la Quebec nchini Canada, baridi ni digrii 20 chini ya sifuri, na majira ya baridi yaliyopita nililala kwenye kochi siku nne mfululizo kwa sababu ya pikipiki.

Siyo pikipiki mnayoijua. Hii haina gurudumu hata moja. Mbele ina skii mbili za kutelezea, nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama wa katapila. Mimi naiita pikipiki ya theluji, yaishe. Quebec ina zaidi ya kilomita 30,000 za njia zake maalumu, zinazokatiza misitu, mashamba na hata maziwa yaliyoganda. Vilabu vinazisawazisha kwa mashine zinazofanya kazi kama greda. Watu wanasafiri wiki nzima, wanalala hoteli za vijijini, wanajaza mafuta, wanasonga mbele.

Na mimi nikataka kutesa. Nikanunua ya mkononi, nyekundu, ya mbio, ina kelele kama msumeno wa mbao. Kampuni siitaji, maana kosa lilikuwa langu. Kiti kilikuwa cha mtu mmoja. Nikajiambia shemeji yenu ni mwembamba, tutabanana!

Tukaondoka asubuhi kuelekea upande wa Lac-Mégantic. Kilomita 20 za kwanza, raha mustarehe. Kilomita 40, nikahisi ngumi mgongoni. Nikadhani ananisifia. Kumbe mwenzangu hana pa kuegemea, hana pa kushika ila koti langu, na kila tuta linamtupa juu kama gunia la mkaa kwenye Fuso. Tulipofika kwenye kibanda cha kuota moto, vidole vyake viwili vilikuwa vyeupe kama chaki na havihisi kitu. Mzee mmoja wa pale akamwambia avitie kwapani, asivisugue. Vilirudi, taratibu, na maumivu yake yalimtoa machozi. Akampigia simu rafiki yake aje kumchukua na gari. Mimi nikarudi peke yangu na mkweche wangu.

Ndipo kochi.

Jirani yangu, Mkongo wa Bukavu, alikuja kuniona. Akaizunguka ile pikipiki mara mbili, akatikisa kichwa. "Ndugu, hii moto ni ya mutu moya. Haiko ya bibi." Kwao moto ni pikipiki na bibi ni mke, msije mkadhani alimtaja nyanya yangu. Akaniambia kabla ya kununua nyingine nimpeleke mke wangu Valcourt.

Valcourt ni mji mdogo, chini ya saa moja kwa gari kutoka kwetu. Hapo ndipo alipozaliwa Joseph-Armand Bombardier, fundi gereji aliyeanzisha biashara hii, na kuna jumba la makumbusho la kazi zake. Majira ya baridi ya 1934 mwanawe Yvon, mtoto wa miaka miwili, aliugua tumboni. Alihitaji hospitali, na hospitali ilikuwa hapa Sherbrooke. Barabara zilikuwa zimefunikwa na theluji, chombo alichokuwa anakijaribu baba yake hakikuwa tayari, na mtoto akafariki. Baadaye Bombardier alitoa gari la theluji lililoitwa B7. Ile 7 ni idadi ya watu linaobeba. Pikipiki ndogo ya Ski-Doo ilikuja 1959, miaka zaidi ya 20 baadaye.

Shemeji yenu aliyasoma hayo yote amesimama, kimya. Halafu akasema, "Kumbe mwenye kitu alianza na abiria." Ni sentensi yake ndefu ya kwanza tangu Lac-Mégantic. Nikajua kochi linaisha.

Basi tukaanza kutafuta ya safari ndefu, na safari hii mkaguzi ni yeye. Kwanza kiti: kirefu, kiwe na kiegemeo cha mgongo na vishikio viwili vya abiria vinavyopashwa moto. Msicheke! Kipimajoto kikisoma -20 nawe unakwenda kilomita 70 kwa saa, upepo unaifanya ngozi isikie kama -37. Kioo cha mbele kirefu kinamkinga dereva, lakini pepo nyingine zinazunguka na kumfuata wa nyuma. Kwa hiyo tunaangalia pia kama kuna soketi ya umeme ya helmeti yake, ili kioo cha uso kisigande.

Pili mkanda wa chini. Ule wangu wa mbio ulikuwa wa inchi 121 ukiuzungushia futi. Za safari nyingi zina 137, karibu mita tatu na nusu. Mkanda mrefu unalivuka shimo badala ya kutumbukia ndani yake. Kwenye kona ni mzito kidogo, lakini nani anashindana?

Hapo kwenye mbio ndipo wanaume tunapojidanganya. Njia za Quebec zina kikomo cha kilomita 70 kwa saa. Injini ya nguvu za kutisha utaipeleka wapi? Injini za kuunguza oili pamoja na petroli, ukoo wa zile Vespa za zamani, ni nyepesi na zinachomoka haraka. Zile za kubadilisha oili kama gari ni nzito zaidi, lakini zimetulia, kelele kidogo, mafuta kidogo. Mfano ni Ski-Doo Grand Touring yenye Rotax 900 ACE ya silinda tatu. Ukizama nayo kwenye theluji laini, andaa mgongo, maana yenyewe ni zaidi ya robo tani. Kwa watu wawili na mabegi, mimi nachukua hiyo hiyo nzito.

Mafuta nayo muhimu. Matangi mengi ni lita 35 hadi 45, na kituo kinachofuata kinaweza kuwa upande wa pili wa msitu. Belti ya akiba usiiache nyumbani. Na muulize muuzaji kama kuna vikwaruzo vya barafu, vile vyuma vinavyoning'inia na kurusha vumbi la theluji chini, kwa sababu injini hizi zinapozwa na theluji inayoruka. Kwenye barafu tupu zinachemka.

Mpya inavuka kirahisi dola 15,000 za Canada. Hizo ni nauli zetu za Dar pamoja na zawadi za ukoo mzima! Tukaangalia zilizotumika. Yamaha zinasifiwa kwa injini za kudumu, ila kampuni ilitangaza 2023 kwamba inaacha biashara hii, toleo la mwisho likawa la 2025. Iliahidi vipuri vitaendelea. Shemeji yenu akasema ahadi za vipuri amezisikia tangu Kariakoo.

Jumamosi tuliipata moja, ya kijivu, kiti kama kochi (ninalijua kochi mimi). Nikakaa mbele, yeye nyuma, ndani ya duka, injini imezimwa. Dakika 20! Muuzaji alikunywa kahawa vikombe viwili. Mwisho akanigonga begani, taratibu safari hii. "Lipa."

Februari tunakwenda Gaspésie, Mungu akipenda. Amekubali kwa sharti moja tu: siku ya kwanza dereva ni yeye, mimi nakaa nyuma.