Hiba si Bwerere

Lugha yetu ina neno moja linalobeba maana mbili zisizopatana: bure. Tukisema maji yalitolewa bure, twamaanisha kwamba hayakulipiwa. Tukisema fulani amehangaika bure, twamaanisha kwamba jasho lake halikuzaa kitu. Msemaji wa Kiswahili huzitenganisha maana hizo bila taabu. Hata hivyo, katika muziki unaotolewa mtandaoni bila malipo, naona maana ya pili imeanza kuimeza ya kwanza. Kilichotolewa bure huhesabiwa kuwa hakina mwenyewe, na kikipotea hakuna wa kukililia.

Nazungumzia muziki wa kielektroniki, ule unaotengenezwa kwa kompyuta na vijana wasio na kampuni kubwa nyuma yao, ukatolewa na lebo ndogo au na vijana wenyewe. Wako wanaosema kwamba kutoa muziki bure ni kujidhulumu. Mimi siamini hivyo. Naamini kwamba dhuluma huingia pale kazi inapotolewa bila jina la mtunzi na bila maneno yake kuandikwa, na kwamba sisi washairi tuna wajibu katika jambo hili ambao hatujautimiza.

Tunalo neno jingine linalotufaa, nalo ni hiba. Hiba ni kitu anachokitoa mtu kwa hiari yake bila kudai thamani. Wanaoijua fiqhi watatukumbusha kwamba hiba haitimii bila mtoaji, mpokeaji, na kitu kinachotolewa, tena kiwe kinajulikana. Bwerere ni jambo jingine. Bwerere huokotwa njiani, na aliyeokota haulizi kimetoka kwa nani. Muziki wetu unaotolewa bila malipo ulipaswa kuwa hiba, lakini wengi tunaupokea kama bwerere.

Desturi ya lebo ndogo kutoa muziki wa kielektroniki bila malipo haikuanzia kwetu. Ilikua Ulaya na Marekani katika miaka ya 1990, miongoni mwa vijana waliotunga midundo kwa kompyuta za nyumbani na kubadilishana mafaili. Monotonik, mojawapo ya lebo za mwanzo za namna hiyo, ilianza mwaka 1996. Mwaka huohuo ilianzishwa Internet Archive, maktaba ya mtandaoni yenye makao San Francisco, ambayo baadaye ilifungua mkusanyo maalumu wa lebo hizo, na humo mtu yeyote aweza kupakua albamu nzima bila kulipa senti. Kisha mwaka 2002 zikatolewa leseni za Creative Commons, ambazo lebo nyingi za aina hii zilizitumia. Leseni zinazotumika leo ni sita, nazo zinatofautiana: moja hukataza kazi kuuzwa, nyingine hukataza kuibadilisha, nyingine huruhusu yote mawili. Lakini zote sita zina sharti moja lisiloondoka, kwamba anayeisambaza kazi amtaje aliyeitunga. Waliokubali kuacha fedha hawakukubali kuacha jina.

Sisi hatukuhitaji kufundishwa hilo na wageni. Washairi wa Kiswahili walitoa kazi zao bila malipo kwa karne nyingi, na walihakikisha kwamba zinasafiri na vitambulisho vyake. Mwengo wa Athumani alijitaja mwishoni mwa Utenzi wa Tambuka, uliotungwa mwaka 1728. Mwana Kupona aliufunga utenzi wake wa mwaka 1858 kwa kuhesabu beti zake na kutaja mwaka wa kutungwa kwake, ili atakayenakili asipunguze wala asiongeze. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923 na kuwafungulia washairi ukurasa, tungo zilichapwa na majina ya watungaji na mahali walikotoka. Hata mshairi aliyejificha nyuma ya lakabu aliiweka lakabu hiyo ndani ya ubeti wa mwisho, mahali ambapo mkasi wa mhariri haukuifikia kwa urahisi. Kaditama yetu ilifanya kazi ambayo leseni zinaifanya leo.

Sasa tuitazame singeli. Muziki huu ulizaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam, Manzese, Tandale na Mburahati ikiwa miongoni mwake, kutokana na mchiriku na ngoma za vigodoro. Mdundo wake huzidi mapigo 200 kwa dakika, na wakati mwingine hukaribia 300. Juu ya mdundo huo msanii hughani kwa kasi ileile, akisifu, akikejeli, akinasihi na kujibizana na waliohudhuria. Mwaka 2017 lebo ndogo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyo ulioitwa Sounds of Sisso, wenye kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Zikafuata albamu ya Bamba Pana, Poaa (2018), ya Jay Mitta, Tatizo Pesa (2019), na ya Sisso mwenyewe, Mateso (2019). Kazi hizo zimewekwa Bandcamp, ambako mtu husikiliza kwanza bila malipo na kununua akipenda, na sauti ya uswahilini imefika kwenye majukwaa ya Ulaya.

Lebo hizo zastahili shukrani, kwani huandika jina la msanii, la kazi na la mwaka. Lakini mpenzi wa lugha atauliza jambo moja zaidi. Majina ya albamu ni Kiswahili kitupu, na msikilizaji wa Berlin hujifunza kutamka tatizo na mateso. Je, anaghani nini huyu kijana ndani ya wimbo? Mimi ni nadra sana kuyakuta maneno hayo yameandikwa, kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine yoyote. Mgeni hupata kasi na mshindo, utungo ukampita. Na baada ya miaka ishirini hata sisi wenyewe tutashindwa kuyasikia vizuri maneno yaliyotamkwa kwa kasi ile, katika lahaja ya mtaa ambayo itakuwa imekwisha kubadilika.

Huku kwetu Arusha hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hata jina halifiki. Nyimbo hutufikia kwa WhatsApp, au kwa kijana wa kibanda cha simu anayejaza memori kadi nyimbo mia kwa mkupuo. Nitatoa mfano unaonihusu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa midundo ya kompyuta, aliniomba beti za kughani. Nikamwandikia beti sita kuhusu mvua za masika na barabara yetu, tukakubaliana kwamba wimbo utolewe bila malipo. Ukawekwa kwenye tovuti moja ya kupakulia nyimbo. Miezi michache baadaye nikausikia ndani ya kifodi cha kwenda mjini. Nikamwomba konda anionyeshe simu yake. Palipopaswa kuwa na jina la msanii palikuwa na anwani ya tovuti, na palipopaswa kuwa na jina la wimbo palikuwa na neno “mpya” na tarakimu mbili. Ubeti wa nne ulikuwa umekatwa, na tangazo limepachikwa juu ya ubeti wa tano. Abiria jirani yangu akasema kwa uhakika kwamba ule ni wimbo wa Dar es Salaam.

Sikumdai mtu fedha, maana tuliutoa kwa hiari. Lakini yule kijana alitumaini kwamba wimbo ukipendwa ataitwa kwenye sherehe, na hakuitwa hata mara moja, kwa kuwa waliousikia hawakujua kwamba ni wake. Wimbo wake ulipendwa, yeye akabaki hajulikani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambulia mtunzi haki ya kutajwa, nayo ni haki iliyo mbali na haki ya malipo. Kuiachilia ya pili si kuiachilia ya kwanza.

Najua atatokea mtu aseme kwamba msanii hali jina. Ni kweli. Lakini kwa msanii wa mtaani jina ndilo linalokwenda kuutafuta ugali. Mapato yake hutoka zaidi kwenye sherehe, vigodoro na matamasha, na anayetaka kumwalika sharti kwanza amjue. Kundi la X Plastaz la hapa Arusha lilitoa albamu yake, Maasai Hip Hop, mwaka 2004 kupitia OutHere Records, lebo ndogo ya Ujerumani. Ile haikuwa kazi ya bure wala haikuwa singeli, lakini inatuonyesha jinsi sauti za mji huu, Kiswahili na Kimaa pamoja, zilivyofika mbali zikiwa na anwani yake. Anayetaka kuuza na auze, na anayetaka kutoa na atoe. Uamuzi ni wa mwenye kazi. Ninachokipinga ni mtu wa tatu kuamua kwamba kilichotolewa hakina mtoaji.

Pingamizi la pili hutoka kwetu wenyewe. Baadhi ya washairi husema kwamba maneno ya singeli ni makali, mengine hayafai kusomwa mbele ya wazazi, na kwa hiyo hayastahili wino wetu. Kwao nina jibu moja: Muyaka bin Haji. Mshairi huyu wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga juu ya vita, fitina, mapenzi, njaa na mambo ya soko, kwa ulimi uliokata. Tungo zake zilizunguka mjini kwa midomo ya watu, bila bei. Lau zingeachwa hivyo, leo tungekuwa na jina lake na vipande viwili vitatu. Zimetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya kutoka kwa waliozikumbuka na kuziandika, zikapitia mikononi mwa mmisionari W. E. Taylor, hata zikachapwa mwaka 1940. Mwalimu Sikujua naye alikuwa mshairi, na hakuona aibu kuwa karani wa mwenzake. Nani atakuwa Mwalimu Sikujua wa vijana hawa?

Hapa Arusha tuna mfano wa hasara iliyo kinyume cha hiyo. Uwanja wetu wa mpira unaitwa Sheikh Amri Abedi. Maelfu hulitamka jina hilo kila msimu wa ligi, na nimekutana na wengi wasiojua kwamba mwenye jina alikuwa mshairi, mwandishi wa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu cha mwaka 1954 ambacho wengi wetu tumejifunzia mizani na vina. Kwake jina limebaki na kazi imesahaulika. Kwa vijana wa kompyuta kazi inazunguka na jina limesahaulika. Jina na kazi vikitengana, hupotea vyote viwili.

Tufanye nini basi? Faili la muziki la MP3 lina nafasi ndani yake za kuandikia jina la msanii, jina la wimbo, mwaka, na hata maneno yote ya wimbo. Nafasi hizo hazilipiwi. Kijana atakayetoa kazi yake na ajaze: nani alitengeneza mdundo, nani aliyeghani, nani aliyetunga maneno, wapi na lini. Aandike mahali kwa ukamilifu. Mimi naishi Terrat, kata ya Jiji la Arusha, lakini iko Terrat nyingine Simanjiro, mkoani Manyara, inayojulikana kwa Redio Orkonerei, na atakayeandika Terrat peke yake atawapoteza wanaomtafuta. Kisha aseme masharti yake kwa Kiswahili cha watu: nakili, gawa, nitaje, usiuze. Maneno manne hayo yanaeleweka na konda na kijana wa kibanda kuliko kurasa za mawakili. Na ili yasifutwe na mtu wa kati, aige wazee: alighani jina lake ndani ya wimbo, katikati na mwishoni, jambo ambalo wasanii wengi wa singeli tayari hulifanya kwa kujisifu.

Lebo ndogo, za Kampala na kwingineko, nazo ziombwe kuweka maneno ya Kiswahili kando ya kila wimbo wenye maneno. Hilo ni ombi letu zaidi kuliko lao, kwa sababu wao hawawezi kuyaandika bila sisi. Anayejua mizani atalitambua neno lililomezwa na kasi kwa kuhesabu silabi zake. Anayejua vina atajua neno lipi lilikusudiwa. Ujuzi huo tunautumia kusahihishana wenyewe kwa wenyewe. Tuutumie pia kuandika kile ambacho vijana wanakighani, kwa idhini yao, bila kuyalainisha maneno yao wala kuyapaka rangi ya Kiswahili cha darasani. Palipo na Kimaa, aitwe ajuaye Kimaa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika taarabu kutunza ni kumpa mwimbaji fedha mbele ya watu, wote wakaona. Katika lugha ya kila siku kutunza ni kuhifadhi kitu kisiharibike. Asiyeweza la kwanza hakosi la pili. Mimi nimeanza na nyimbo tatu za vijana wa kata yangu, wimbo wa masika ukiwa mmoja wao. Nimeziandika ubeti kwa ubeti, nikazirudisha kwa wenyewe wakazisahihisha, na mafaili mapya yameanza kuzunguka yakiwa na majina yote. Ubeti wa nne umerudi mahali pake. Kila mshairi asomaye haya ana kijana wa namna hiyo jirani yake. Na amfuate, amwombe wimbo mmoja, achukue kalamu.