Kukariri Si Kujua

Wahenga walilonga kuwa elimu ni bahari. Ama kwa kweli hawakukosea. Lakini mimi naona wengi wetu tumesimama ufuoni tunahesabu mawimbi, kisha tunarudi bwenini tukijigamba ati tunajua kuogelea.

Nia yangu ni kuzungumzia ugonjwa ambao umetuganda kama kupe mkiani mwa ng'ombe. Ugonjwa wenyewe ni kukariri, au kukremu kama tusemavyo wenyewe mabwenini. Najua mtasema, 'Wacha hizo, hayo tumeyasikia kila siku gwarideni.' Subirini kidogo. Mimi sikuyasikia gwarideni. Niliyaona nyumbani kwetu, kwa macho yangu mawili.

Dada yangu mkubwa anasomea uuguzi katika chuo kimoja cha utabibu. Miongoni mwa masomo yake kuna moja liitwalo patofiziolojia. Msitishwe na urefu wa jina. Anatomia hukuambia moyo uko wapi. Fiziolojia hukuambia moyo hufanya kazi vipi. Patofiziolojia nayo hukueleza kwamba moyo huo ukiharibika, ni kitu gani huanza, kipi hufuata, na kwa nini mgonjwa huonekana vile aonekanavyo. Kwa ufupi, ni somo la 'kwa nini'.

Basi dada alilisoma somo la 'kwa nini' bila kuuliza kwa nini. Aliandika dalili za kila ugonjwa kwenye vikaratasi, akavibandika ukutani jikoni. Hata alipokuwa akisonga ugali, midomo ilimchezacheza mithili ya mtu aliye katika sala. Tulimstahi sana. Baba alituambia sisi wadogo tuige mfano wake.

Mtihani ulipofika, swali moja lilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi: mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kufanya kazi barabara hukosa pumzi alalapo chali, eleza kwa nini. Dada akaandika orodha ya dalili kumi na mbili. Zote zilikuwa sahihi. Hakuna hata moja iliyojibu swali. Maswali mengine yalikuwa ya namna iyo hiyo, na matokeo yalipotoka alikuwa ameanguka. Ikambidi arudie mtihani huo, yaani 'sapu' kwa lugha ya vyuoni. Alirudi nyumbani likizoni amejiinamia, na baba, ambaye alikuwa ameuza ndama kulipa karo, hakusema neno. Kimya hicho kilimuuma dada kuliko fimbo.

Usiku mmoja tulikuwa sebuleni, mimi na Bayolojia yangu, yeye na vikaratasi vyake. Nyanya yetu alikuwa amelala chumba cha pili, mlango wazi. Dada akawa anasoma kwa sauti: 'Othopnia, othopnia.' Nikamwuliza, 'Dada, hilo neno ni nini?' Akanijibu bila kuinua macho, 'Ni kukosa pumzi mtu akilala chali. Mgonjwa huongeza mito ili kichwa na kifua viinuke.'

Nikasema, 'Si kama nyanya?'

Wasomaji wapenzi, sikusema hivyo kwa werevu wowote. Nilikumbuka tu kwamba mwezi uliopita nyanya aliniomba mto wangu. Kabla ya hapo alikuwa amechukua wa mama. Sasa alilalia mito mitatu, na sisi tulidhani ni mambo ya uzee. Alikuwa pia amelalamika kuwa viatu vyake vya kanisani vimembana, nasi tukamcheka kuwa ananenepa. Dada alinyanyuka akaenda chumbani. Akabonyeza mguu wa nyanya kwa kidole gumba, akakiondoa. Palibaki shimo, kama ukibonyeza unga uliokandwa. Aliporudi machozi yalikuwa yakimlengalenga. Neno lile alilikariri miezi sita, na mwenye neno alikuwa amelala hatua tano kutoka alipoketi.

Kesho yake alfajiri tulimpeleka nyanya hospitalini. Kumbe shinikizo lake la damu lilikuwa juu miaka mingi, na moyo wake ulikuwa umechoka. Mficha maradhi, kifo humwumbua, lakini nyanya hakuficha. Ni sisi tuliokuwa na macho tusione.

Tangu siku hiyo dada alibadilisha njia ya kusoma. Alivibandua vile vikaratasi vyote. Kila jioni aliketi nasi akatueleza ugonjwa mmoja kwa Kiswahili, toka mwanzo hadi mwisho, na sharti likawa kwamba mimi niulize 'kwa nini' mpaka nichoke. Ngoja niwape mfano wa moyo wa nyanya, mwone jinsi jambo moja linavyozaa jingine.

Shinikizo la damu likiwa juu kwa muda mrefu, chumba cha chini cha kushoto cha moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu kuliko kawaida. Msuli wake hunenepa, na hatimaye huchoka. Damu inayotoka mapafuni sasa haipiti upesi. Fikirieni mlango wa bwalo letu la maankuli siku ya pilau. Wapishi wakigawa polepole, foleni hurudi nyuma hadi kwenye mabweni. Vivyo hivyo, foleni ya damu hurudi nyuma hadi mapafuni. Shinikizo katika vishipa vyembamba vya mapafu hupanda, maji husukumwa nje ya vishipa, nayo huingia hata katika vifuko vya hewa. Hewa safi itapitaje penye maji?

Kwa nini basi hali huzidi mtu akilala? Ukiwa umesimama, damu na maji mengi hukaa miguuni. Ukilala, hurudi kifuani. Moyo wenye nguvu huyapokea bila taabu, lakini uliochoka hulemewa, na foleni huongezeka. Kwa mito ile mitatu, nyanya alikuwa akijitibu mwenyewe pasipo kujua.

Na miguu je? Hapa ndipo niliposhangaa zaidi. Moyo ukichoka, figo hupata damu kidogo. Figo hazina macho, hivyo hudhani kuwa mwili umekauka. Hutoa kitu kiitwacho renini, ambacho huanzisha mfululizo wa mambo hadi tezi zilizo juu ya figo zikatoa homoni ya aldosteroni. Homoni hiyo huziamuru figo zihifadhi chumvi, na maji huifuata chumvi. Yaani figo, kwa nia njema kabisa, huongeza maji katika mwili ambao tayari umefurika! Upande wa kulia wa moyo nao hulemewa kwa kusukuma damu kuelekea mapafu yaliyojaa, foleni hurudi mwilini, na maji hutuama miguuni.

Ukishajua hayo, matibabu hayahitaji kukaririwa. Dawa ya kukojoza huondoa chumvi na maji. Dawa nyingine hukata ule mfululizo wa renini. Mgonjwa hupunguza chumvi katika chakula. Muuguzi humpima uzani kila asubuhi kwa sababu lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja. Kilo mbili zikiongezeka ghafla kwa siku chache, hayo si mafuta, ni maji. Kila jambo lina mahali pake katika mnyororo.

Maoni yangu basi ni haya: mtu hajalijua jambo mpaka aweze kumweleza mtu mwingine, kwa lugha ya nyumbani, kwa nini liko hivyo. Na nasema hivi si kwa wauguzi peke yao. Nasema kwetu sisi, tunaokariri Historia, Jiografia, hata ngeli za Kiswahili, kama kasuku, kisha tunazitema siku ya mtihani na kubaki watupu.

Najua kuna watakaonipinga. Wa kwanza watasema, 'Mtihani uko kwa Kiingereza. Kiswahili chako kitatufaa nini?' Swali zuri. Sikusema tujibu mtihani wa Bayolojia kwa Kiswahili. Nasema tuelewe kwanza, kisha tuandike kwa lugha itakiwayo. Maneno makubwa ya kigeni ni kama blanketi, tunajifunika nayo ili ujinga wetu usionekane. Dada alipolazimika kueleza othopnia bila kulitumia neno lenyewe, ndipo alipogundua kuwa hakuwa na la kueleza. Isitoshe, hakuna mgonjwa aendaye hospitalini akasema, 'Nina othopnia.' Husema, 'Mwanangu, usiku nikilala naona kama ninazama.' Muuguzi asiyeweza kuvuka kutoka neno la kitabuni hadi neno la mgonjwa ana faida gani?

Wa pili watasema, 'Kuna mambo ambayo lazima yakaririwe.' Hawa nawaunga mkono. Mapigo ya moyo ya mtu mzima aliyetulia ni 60 hadi 100 kwa dakika, na pumzi ni 12 hadi 20. Tarakimu hizi hazifikiriwi, hukaririwa. Muuguzi hawezi kuanza kupekua vitabu huku mgonjwa anatweta. Lakini tarakimu ni matofali. Matofali bila udongo wa kuyashikanisha ni rundo tu, si nyumba.

Wa tatu watasema muda hautoshi, silabasi ni ndefu. Mimi nauliza, ni kipi kinachokula muda zaidi? Kukariri dalili kumi na mbili mara arobaini, au kuelewa mnyororo mmoja unaozizaa dalili zote hizo? Dalili uliyoikariri ikikutoroka katika chumba cha mtihani, imekwenda. Uliyoielewa ikikutoroka, waweza kuifuata nyuma kutoka chanzo chake ukaikamata.

Fauka ya hayo, hata ujuzi wenyewe wa dunia umesonga mbele kwa swali hili. Kwa zaidi ya miaka 1,400 waganga wa Ulaya walikariri mafundisho ya Galen, tabibu wa kale, kwamba damu hutengenezwa inini kisha hutumika mwilini ikaisha. Mwaka wa 1628, Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu kuonyesha kuwa damu huzunguka. Hoja yake moja ilikuwa hesabu tu. Hebu tuipige kwa tarakimu za leo. Moyo hutoa kama mililita 70 kwa kila pigo. Zidisha kwa mapigo 70, upate karibu lita 5 kwa dakika. Kwa saa moja ni karibu lita 300! Ini gani litatengeneza lita 300 za damu kila saa?

Na hata hapa kwetu Kenya, mwaka wa 1949 kijana aliyelelewa katika nchi hii, Anthony Allison, alipima damu ya watu wa sehemu mbalimbali. Aliona kuwa dalili ya kurithi selimundu ilikuwa nyingi pwani na karibu na Ziwa Viktoria, lakini ilikuwa haba katika nyanda za juu. Mwingine angeandika takwimu zake akaenda kulala. Yeye aliuliza kwa nini. Mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi kuwa mtu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana jeni hiyo ilibaki kwa wingi mahali penye mbu wengi.

Tufanyeje basi? Nina mapendekezo matatu. Kwanza, katika makundi yetu ya masomo ya jioni, kila mmoja aeleze mada moja bila daftari, na wenzake wamwulize 'kwa nini' angalau mara tano. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Pili, tusimcheke anayeuliza. Kicheko darasani kimeua maswali mengi kuliko mtihani wowote. Tatu, nawaomba walimu wetu, kwa heshima na taadhima, mtupe maswali ya 'eleza kwa nini' hata katika majaribio madogo ya kila wiki. Tutalalamika, ndiyo. Lakini afadhali tulie sasa kuliko tuje kuliza wengine.

Kabla sijaweka kalamu chini, najua mnataka kujua yaliyojiri. Dada alirudia mtihani wake na akapita. Nyanya yu hai. Humeza dawa zake kila siku, na chumvi amepunguziwa ingawa hunung'unika kuwa mboga zetu zina ladha ya maji ya mvua. Mto wangu alinirudishia mwenyewe. Kila niutazamapo hapa bwenini, nakumbuka kwamba jibu la mtihani linaweza kuwa limelala chumba cha pili, likitaabika kupumua, huku sisi tunalikariri kwa sauti.

Wenzangu, tuzinduke.

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Nne